Kabla ya Kutembeza Daftari la Mchango: Somo Juu ya Pesa za Upasuaji



Somo la toleo hili ni kwa kila mwenye mgonjwa nyumbani anayesubiri kupasuliwa, na kwa kila jirani ambaye siku moja ataletewa daftari ili aandike jina lake na kiasi anachotoa. Ni kwa VHT wenzangu pia, kwa sababu mara nyingi sisi ndio tunaoulizwa kwanza: "Mwanangu, hospitali imetaka pesa, tufanyeje?" Mimi ni VHT upande huu wa Kabingo. Si daktari wala mhasibu, lakini kazi ya kupita nyumba kwa nyumba inamfundisha mtu kuona ni wapi pesa za watu maskini zinafika na ni wapi zinapotea.

Siku hizi kuchangisha kumekuwa rahisi kwa sababu ya simu. Picha inapigwa asubuhi Rubondo, mchana imeshamfikia ndugu aliyeko Marekani au Australia, na jioni pesa zinaingia. Hilo ni jema. Tena, baada ya Shirika la Chakula Duniani kupunguza posho mwaka 2023 na kukata tena mwaka 2025, familia nyingi hazina kitu cha kuuza mgonjwa anapopatikana. Kwa hiyo madaftari yameongezeka, na sitashangaa yakiongezeka zaidi.

Lakini hebu tujiulize: daftari hili ni la kulipia nini hasa? Ukimuuliza anayelitembeza, mara nyingi anajibu, "Operesheni." Ukiuliza operesheni gani, bei ameambiwa na nani, na tarehe ni lini, hana jibu. Hapo ndipo penye somo letu. Mgonjwa aonwe kwanza. Ijulikane anahitaji nini, na ni kipi tayari kinatolewa bure. Kisha tuchange kile kilichobaki.

ENGOZI NI YA ZAMANI KULIKO SIMU

Wenyeji wetu wa Ankole na Kigezi wana neno engozi, yaani machela ya kubebea mgonjwa. Warundi na Wanyarwanda wanaita ingobyi, na utaona mwenyewe kwamba maneno hayo ni ndugu. Zamani, gari likiwa mbali na barabara ikiwa mbaya, wanaume wa kilima walipokezana machela mabegani hadi hospitali. Nyumba zilijiunga katika chama cha engozi, na sheria yake ilieleweka na kila mtu: usiyebeba wenzako, nani atakubeba wewe? Baadaye vyama hivyo vikaanza kuweka na pesa, kwa sababu kumfikisha mgonjwa mlangoni hakutoshi kama hana cha kulipa ndani.

Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, iliyoko Rukungiri, ilitumia vyama hivyo vya engozi kuanzisha bima ya afya ya jamii. Kikundi kizima kinalipa ada watu wakiwa wazima, na mwanachama akiugua anaongeza kiasi kidogo tu siku ya matibabu. Angalia tofauti na daftari letu. Wao wanachanga kabla ya ugonjwa, sisi tunaanza kukimbia mtu akiwa tayari kitandani.

Wakongo mna likelemba, Wasomali mna ayuuto, Warundi na Wanyarwanda mna vikundi vyenu vya akiba. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kuchanga kwa ajili ya mgonjwa ni jambo lililoletwa na mtandao.

WAGONJWA AMBAO HAWANGOJI DAFTARI

Kabla hatujaenda mbali, tafadhali shika hili. Kuna wagonjwa ambao, ukianza na kuchangisha, utamaliza na mazishi.

Ngiri (wengine wanasema henia) inaweza kukaa miaka na mtu akaendelea kulima. Uvimbe unatoka akinyanyua mzigo, akilala unarudi. Huyo ana muda wa kupangiwa tarehe. Lakini siku uvimbe ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, akaanza kutapika, choo na hewa havipiti, maana yake utumbo umebanwa na damu haifiki. Hapo tunahesabu saa, si siku. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku, na aandikiwe rufaa. Hali kadhalika mama ambaye uchungu umemshika muda mrefu na mtoto hatoki, mtu ambaye mfupa umevunjika ukatoboa ngozi, na mtu ambaye tumbo limekuwa gumu kama ubao. Kwa hawa wote, gari la wagonjwa linaitwa kwanza, maneno ya pesa yatafuata.

Mtoto mchanga ambaye kichwa kinakua haraka kupita kawaida, na macho yanaangalia chini kama jua linalozama, hahesabiwi kwa saa, lakini hata wiki ni nyingi. Maji yanayojaa kichwani yanakandamiza ubongo, na kilichoharibika hapo hakirudi kwa mchango wowote. Nimesikia watu wakisema mtoto wa namna hiyo amelogwa, wakaanza kuchangia mganga. Mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, hospitali ya watoto ya CURE imefanya upasuaji huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni pale pale daktari Benjamin Warf alipoendeleza njia ya kuyafungulia maji mlango ndani ya kichwa chenyewe, ili mtoto asiwe lazima awekewe mpira wa kudumu. Madaktari wa nchi nyingine wamejifunza njia hiyo kutoka Uganda.

MILANGO ILIYO WAZI TAYARI

Tangu mwaka 2001 serikali ya Uganda ilifuta malipo ya wagonjwa katika vituo na hospitali zake, isipokuwa upande wa kulipia. Mkimbizi anahudumiwa huko kama mwenyeji. Hilo liko katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na katika utaratibu wa nchi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ni mahali pa mafunzo ya madaktari wa chuo kikuu cha MUST, ni ya serikali. Kwa hiyo ukiambiwa "operesheni ya Mbarara inauzwa", uliza kwanza: ni upande wa bure au upande wa kulipia?

Najua utaniambia, "VHT, bure hiyo ina maneno." Ni kweli. Katika hospitali za serikali dawa na vifaa huisha, na familia inatumwa duka la dawa kununua glavu, uzi wa kushonea, au dawa ya maumivu. Lakini kununua glavu na uzi ni jambo moja, na kulipia operesheni nzima ni jambo lingine kabisa. Daftari linalosema "milioni tatu za operesheni" wakati kinachotakiwa ni vifaa na nauli linawachosha majirani bure, na mgonjwa anaendelea kukaa nyumbani akingojea milioni ambazo hakuna aliyemdai.

Yapo pia magonjwa ambayo upasuaji wake umelipiwa na wafadhili siku nyingi. Mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura hupasuliwa bila malipo katika hospitali zinazosaidiwa na Smile Train, shirika lililoanza mwaka 1999. Mojawapo ni CoRSU ya Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Mama mwenye fistula, yule anayevuja mkojo au choo baada ya uzazi mgumu, hatakiwi kulipa katika kambi za upasuaji wa fistula, kama zile za hospitali ya Kitovu, Masaka. Ulizia hasa karibu na tarehe 23 Mei, ambayo ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula. Mtoto mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa mara nyingi hahitaji operesheni kubwa. Njia ya Ponseti ni ya kumfunga plasta ya jasi kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi pamoja na mkato mdogo tu wa kano ya kisigino, halafu viatu maalumu vya kuvaa mpaka ana umri wa miaka minne hivi. Inafaa aanze akiwa mchanga. Na mzee ambaye macho yameziba kwa mtoto wa jicho, ulizia kitengo cha macho cha hospitali ya Ruharo, hapo Mbarara, na siku ambazo wapimaji wa macho wanatoka kuja kwa watu.

Kwa nini sasa watu hawaendi? Kwa sababu mlango uliofunguliwa usioujua ni sawa na ukuta. Ndiyo maana naomba VHT wote tuulize kituo cha afya kila mwezi: ni kambi gani ya upasuaji inakuja, wapi, na mgonjwa anaandikishwaje?

MAMA, DAKTARI ALISEMA NINI?

Mgonjwa akirudi kutoka kuonwa, mazungumzo yetu yasiishie kwenye "pole". Yawe kama haya:

"Mama, daktari alisema nini?"

"Alisema kuna uvimbe, mwanangu, na wanataka pesa."

"Pole sana, mama. Aliutaja ugonjwa kwa jina? Ameandika kwenye karatasi?"

"Karatasi hii hapa. Mimi sisomi."

"Tuisome pamoja. Alisema wakiutoa utapona, au utapungua tu? Na usipotolewa mwaka huu, itakuwaje?"

"Hapo sikumuuliza. Niliogopa."

"Basi kesho turudi wote wawili, tumuulize."

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko bei. Nitaeleza kwa nini.

Pesa za rufaa za HCR na mashirika ya afya zina kikomo, na hazimtoshi kila mtu. HCR ina mwongozo wa mwaka 2009 kuhusu rufaa za wakimbizi. Kwa kifupi unasema hivi: wanaoamua wanaangalia mgonjwa ana nafasi gani ya kupona na gharama ni kiasi gani, na kesi kubwa zinakwenda kwenye kamati. Mfano unaojulikana ni wa Jordan, kwa sababu uliandikwa na kuchapishwa na Paul Spiegel na wenzake mwaka 2014. Kati ya mwaka 2010 na 2012, kamati ya huko ilipokea maombi 511 ya wakimbizi wenye kansa. Yaliyokubaliwa ni 246, chini ya nusu. Sababu kubwa ya kukataliwa ilikuwa kwamba nafasi ya kupona ilikuwa ndogo. Waandishi wenyewe walisema lazima zitafutwe njia mpya za kupata fedha.

Kwa hiyo ukiambiwa "haikukubaliwa", usirudi nyumbani ukisema "wanachukia kabila letu." Uliza sababu. Kama sababu ni gharama tu, na daktari anasema mgonjwa atapona akipasuliwa, hapo daftari lina kazi, litembee haraka. Kama sababu ni kwamba ugonjwa umeshaenea na kisu hakitasaidia, hapo tafadhali tusikilize vizuri. Familia inaweza kuuza mbuzi, simu, hata mabati, ikamsafirisha mgonjwa hadi Kampala, naye akarudi na maumivu yale yale, au akafia njiani mbali na watoto wake. Si mapenzi kidogo yanayofanya hivyo, ni mapenzi mengi. Lakini mgonjwa huyo anahitaji kitu kingine, na kitu hicho kipo karibu.

Uganda ni nchi inayosifiwa duniani kwa jambo hili. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na tangu mwaka 1998 ina tawi Mbarara, linaloitwa Mobile Hospice Mbarara, ambalo linawafuata wagonjwa hadi nyumbani. Dawa ya maumivu makali, mofini ya kunywa, inatengenezwa hapa hapa nchini na mgonjwa hailipii. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika, kwa hiyo si lazima kumngojea daktari mkubwa. Wengine wanaogopa kwamba mofini inaua au inamfanya mtu mlevi. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyefundishwa, inamfanya mgonjwa alale, ale, na aongee na watu wake. Pesa za nauli ya muuguzi na za sabuni na maziwa ya mgonjwa, hizo nazo ni mchango halali wa kuandikwa kwenye daftari.

HESABU YOTE, SI NUSU

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini kibaba chenyewe ni cha kiasi gani?

Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa upasuaji wa dunia, iliyoitishwa na jarida la Lancet, ilihesabu kwamba kila mwaka watu milioni 33 wanafilisika au kuporomoka kwa sababu ya malipo ya upasuaji, na wengine milioni 48 kwa sababu ya yale yanayouzunguka upasuaji: nauli, chakula, mahali pa kulala. Soma tena namba hizo. Mambo ya pembeni yanaangusha watu wengi kuliko kisu chenyewe. Na sisi tunaoishi Nakivale, ambako hata Mbarara tu ni safari, hatuhitaji mtaalamu kutuambia.

Tuchukue mfano. Namba ni za kujifunzia tu, wewe weka bei za siku yako. Mtoto anapasuliwa mguu mbali, tuseme Kisubi. Operesheni imelipiwa. Nauli ni shilingi 40,000 kwa mtu mmoja kwa njia moja. Mtoto na mama yake, kwenda na kurudi, ni 160,000. Chakula cha siku 14 kwa 10,000 kila siku ni 140,000. Jumla 300,000, na hapo ndipo madaftari mengi yanapofunga. Lakini daktari ameandika arudi kuangaliwa mara tatu. Kila safari ni 160,000, kwa hiyo ni 480,000 nyingine. Jumla ya kweli ni 780,000. Kurudi kuangaliwa kumezidi safari ya kwanza!

Mtoto asiporudi, plasta inabaki mguuni kupita wakati wake, au kidonda kinaoza chini ya bandeji, na majirani wanasema "operesheni ilimharibu." Haikumharibu. Daftari lilifungwa mapema.

Ongeza na wale wanaobaki nyumbani. Nani atapika kwa ajili ya wadogo? Nani ataenda siku ya posho akiwa na kadi ya familia? Hayo hayahitaji shilingi, yanahitaji jirani aandike jina lake kwenye daftari na mbele yake aandike: "nitalala na watoto", au "nitapalilia shamba siku mbili." Binafsi naona huo ndio mchango tunaousahau, na masikini kabisa anaweza kuutoa.

MCHANGO WA MTANDAONI

Vijana wananiuliza sana juu ya hili, kwa hiyo niseme ninayoyajua.

Kuna shirika la Marekani linaitwa Watsi, lilianza mwaka 2012. Mwanzilishi wake, Chase Adam, alikuwa ndani ya basi nchini Costa Rica, mahali panapoitwa Watsi, mama mmoja akaingia akiomba msaada wa matibabu ya mwanawe. Mama huyo alikuwa na folda yenye karatasi za hospitali, na abiria walipoziona walitoa. Kutokana na hapo likaja wazo la kuweka wagonjwa kwenye mtandao, watu wa dunia yote wachangie hata dola 5, na pesa yote iliyotolewa kwa mgonjwa iende kwenye matibabu yake. Angalia kilichowafanya abiria waamini: karatasi.

Lakini mgonjwa hawezi kujiandika mwenyewe huko. Hospitali inayoshirikiana nao ndiyo inayompima, inayoomba ruhusa yake, na inayopeleka habari zake. Upande wetu huu wa magharibi, wagonjwa wa hospitali za Nyakibale (Rukungiri), Rushoroza (Kabale) na Virika (Fort Portal) wamesaidiwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo usimtafute mzungu kwenye simu. Nenda kwa ofisa wa ustawi wa hospitali umuulize: hapa kuna mfuko wowote wa wasiojiweza? Na mtu akikwambia umtumie kwanza pesa ya "kufungua faili" ili upate mfadhili, huyo ni mwizi.

GoFundMe ni kitu kingine. Hapo mtu yeyote anafungua ukurasa wake, ila awe katika nchi zinazoruhusiwa, na Uganda haimo. Ndiyo maana lazima afungue ndugu wa nje, na pesa zinaingia kwenye akaunti yake yeye. Awe mtu unayemwamini kweli. Tena usitegemee miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliangalia michango ya matibabu zaidi ya 437,000 iliyofunguliwa huko Marekani kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Iliyofikia lengo ni 12 tu katika kila 100. Na 16 katika kila 100 haikupata hata senti. Waliofanikiwa zaidi ni wale ambao tayari wana marafiki wenye pesa.

Hata hapa ni hivyo hivyo. Mwenye kaka Ohio, mwanawe anapasuliwa mwezi huu. Bibi mjane asiye na simu anabaki na uvimbe wake, si kwa sababu ugonjwa wake ni mdogo, bali kwa sababu hakuna anayemjua nje. Mimi naona block ikiwa na mfuko wake wa wagonjwa, wa shilingi mia tano au elfu kwa mwezi kwa kila nyumba inayoweza, bibi huyo naye ana mlango.

Kwa pesa za simu, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mnayemjua. Tangu mwaka 2019 UCC iliruhusu mkimbizi asajili laini kwa karatasi zake za OPM, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia laini ya mtu wa dukani. Na kumbukeni makato ya kutoa pesa. Ikiwezekana, pesa za hospitali zilipwe hospitali moja kwa moja, risiti irudi kwenye kikundi.

PICHA IKISHATOKA HAIRUDI

Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, na habari za ugonjwa wa mtu zimo. Lakini hata bila sheria, sisi ni watu tuliokimbia. Yuko mtu humu ambaye aliyemkimbia bado anamtafuta. Ukimpiga picha ukataja jina na zoni, umemwonyesha njia.

Kwa hiyo omba ruhusa, ueleze picha itafika wapi, na mgonjwa akikataa, msaada usipungue kwa sababu hiyo. Usiombe ruhusa mbele ya watu kumi wenye pesa mkononi, maana hapo hawezi kusema hapana. Mama mwenye fistula asipigwe picha kabisa. Mtoto naye atakua, na siku moja wenzake shuleni wataiona picha ile akiwa uchi na machozi.

Tangazo linalotosha ni kama hili:

"Jirani zetu, mtoto wa miaka 4 wa zoni yetu amepewa tarehe ya kupasuliwa mguu. Operesheni imelipiwa. Tunatafuta 780,000 za nauli, chakula na safari tatu za kurudi kuangaliwa. Mpaka Jumapili zimepatikana 310,000. Karatasi ya hospitali imeonwa na mwenyekiti na VHT. Pesa zikizidi, zitaingia mfuko wa wagonjwa wa block."

Hakuna jina, hakuna picha, na kila kitu ambacho mtoaji anataka kujua kimo.

DAFTARI LENYEWE

Liwe na watu watatu: mmoja anaandika, mmoja anashika pesa, mmoja anashika risiti. Wasiwe wote wa nyumba moja, na angalau mmoja awe mwanamke, kwa sababu wagonjwa wengi wa upasuaji ni akina mama na yapo mambo hawatamwambia mwanamume. Kila Jumapili jumla isomwe mbele za watu.

Kuna jambo moja ambalo linaonekana baya kulisema, lakini lisiposemwa linaleta vita. Mgonjwa akifariki kabla ya kupasuliwa, pesa ni za nani? Zimalizie mazishi, ziende kwa yatima, zirudi kwa waliotoa, au ziende kwa mgonjwa anayefuata? Kikundi kiamue siku ya kwanza, na iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza. Kuamua mapema si kumtakia mgonjwa kifo.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

Katika block yenu, ni nani aliyeambiwa apasuliwe lakini bado yuko nyumbani? Je, anajua jina la ugonjwa wake na tarehe yake?

Daftari la mwisho mlilochangia lilihesabu safari za kurudi kuangaliwa? Kama halikuhesabu, nani alizilipa?

Mzee mmoja haoni macho yote mawili kwa sababu ya mtoto wa jicho. Hana simu, hana ndugu nje ya nchi, na anaishi na mjukuu wa miaka minane. Anahitaji nini hasa, ni shilingi ngapi, nani atamsindikiza, na mjukuu atalala kwa nani?